Asali ya Mkaratusi wa Luhonda

Luhonda, Masisi, tarehe 28 Septemba 2022

Mdogo wangu Adelaïde,

Nakusalimu wewe na shemeji Hilaire, binti yenu Nicole, na mtoto wake mchanga Evode, ambaye sijamwona bado. Mimi ni mzima. Kikohozi cha asubuhi kipo, lakini mzee wa umri wangu asipokohoa asubuhi majirani watadhani amekufa. Maharagwe yametoka haba. Ng'ombe wa jirani yetu Sebarenzi waliingia shambani tena, na Sebarenzi ameomba radhi tena, kwa maneno yaleyale ya mwaka jana.

Naandika kwa sababu simu haishiki mtandao huku mlimani, na hata ikishika, Mama huketi karibu nawe akasikia yote na kujibu yote. Byamungu, mwendesha pikipiki, atakukabidhi chupa mbili za asali. Soma barua hii kabla hujafungua hata moja.

Hii ni asali ya ua moja, mkaratusi peke yake. Kabla mikaratusi haijachanua niliondoa mizingani asali yote ya zamani, ili nyuki waanze na masega matupu. Maua yalipoanza kunyauka nilivuna mara moja, wasije wakahamia mauani mwa maharagwe. Anayechelewa huvuna mchanganyiko, akauita asali ya mkaratusi, na huyo ni mwongo kama waongo wengine. Sikuitia motoni wala sikuikamua kwa mikono. Niliiacha ichuruzike yenyewe kwenye kitambaa, ndiyo maana ina harufu yake.

Itaganda. Msishangae. Asali ya mlima wetu huganda upesi, ikawa laini kama samli, na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo.

Kwa mguu wa Mama: muuguzi aoshe kidonda kwanza, kisha mpake asali juu ya kitambaa safi na kufunga, na kubadilisha kila siku. Muuguzi akikataza, mtiini yeye, si mimi. Kwa kikohozi: kijiko kimoja ndani ya maji ya uvuguvugu, si yanayochemka. Katika uji, tieni baada ya uji kupoa kiasi cha kushika kikombe bila kulalamika. Evode asipewe hata tone mpaka atimize mwaka. Usinibishie kwamba bibi zetu walifanya vingine. Bibi zetu walizika watoto wengi.

Tulikubaliana kwamba Mama akae kwenu mpaka mguu upone, kisha arudi kwake. Chumba chake nimekipaka chokaa, na kaburi la Baba nimelipalilia.

Kaka yako,
Marcellin


Kashebere, Walikale, tarehe 17 Novemba 2022

Kaka Marcellin,

Sisi hapa hatujambo. Mihogo imeshika, soko la barabarani limechangamka, na Evode analia usiku na kulala mchana kama mlinzi wa ghala. Nimeandika polepole ili usipate kazi ya kalamu nyekundu. Kumbuka kwamba mimi si mwanafunzi wako tena, nina mjukuu.

Asali ilifika salama. Kidonda cha Mama kimeanza kufunga kwenye kingo, na muuguzi mwenyewe aliuliza asali hiyo inatoka wapi. Chupa ya kwanza tunaitumia kama ulivyoagiza. Ya pili, kaka, usikasirike.

Hilaire aliikuta imekuwa ngumu na nyeupe. Akaniita.

"Adelaïde, kuja uone. Kaka yako anatutumia sukari, anaiita asali."

"Barua inasema itaganda."

"Barua iko ya mwalimu. Mwalimu anaweza kusema nini ingine?"

Mimi nilikuwa natoka kwenda mtoni. Niliporudi, chupa ilikuwa imekaa kando ya makaa tangu saa ile, na asali inatoa povu. Ikawa nyororo, kweli, lakini rangi yake ilikuwa ya kahawia na harufu ilikuwa imekwenda. Mama alilamba kijiko, kisha akamwambia mkwe wake: "Munaipika sawa na maharagwe! Sasa iko tamu tu. Haina kwetu ndani."

Hilaire amekuwa mpole siku kadhaa. Anasema yeye ni mtu wa mitego, si mtu wa nyuki, na kwamba mnyama hata umpike vipi hubaki mnyama.

Mama anauliza kila Jumapili atarudi lini. Nimwambie nini?

Mdogo wako,
Adelaïde


Luhonda, tarehe 20 Januari 2023

Mdogo wangu Adelaïde,

Heri ya mwaka kwenu nyote. Namshukuru Mungu kwa mguu wa Mama. Mimi ni mzima, ila nimechoka bila kufanya kazi ya kuchosha.

Mwambie shemeji kwamba kuganda si kuharibika. Asali iliyoganda ni mzima aliyelala. Ukitaka kumwamsha, usimchome. Weka chupa ndani ya sufuria ya maji ambamo mkono wako unaweza kukaa bila kuungua, funika, subiri, ubadilishe maji yakipoa. Mwenye haraka aile kwa kijiko hivyo hivyo ilivyo, juu ya kiazi au muhogo wa kuchemsha. Ile mliyoipika msiipake kwenye kidonda tena. Itieni kwenye chai.

Umeniuliza Mama atarudi lini. Shule ya bondeni imefungwa. Watu wanapita njiani na magodoro kichwani, wengine wanaelekea huku na wengine wanatoka huku, na kila upande unauhurumia mwingine. Sebarenzi anasema ni upepo utakaopita. Mama angoje kidogo, baridi ipungue.

Marcellin


Kashebere, tarehe 16 Aprili 2023

Kaka Marcellin,

Tunakusalimu. Evode ameota meno mawili na ameyajaribu kwenye kidole cha babu yake. Nicole amerudi shuleni kufundisha. Hilaire alipata homa, akapona.

Mguu wa Mama umepona kabisa. Imebaki alama ndogo inayong'aa. Anatembea mpaka kanisani na kurudi bila fimbo, akishika bega la Nicole tu kwa ajili ya macho yake, na fimbo anaibeba ili watu waone kwamba haihitaji. Tangu Pasaka amefunga vitu vyake katika kitenge: Biblia, blauzi mbili, sufuria yake ndogo. Mzigo uko nyuma ya mlango. Tukitaka kufagia, tunauinua na kuurudisha palepale.

Nilimwambia barabara ni mbaya. Akasema, "Barabara ilikuwa mubaya hata siku niliolewa. Mimi sitaki kulala mu udongo ya watu. Nataka kulala pembeni ya baba yenu. Mwambie Marcellin akuje kunichukua."

Hilo ndilo analotaka, kaka, na sina namna ya kulipunguza. Wasafiri wanaotoka kwenu wanasimulia mambo sokoni, kisha wakiniona mimi wa Luhonda wanapunguza sauti. Niambie ukweli kama ulivyo. Mimi nitajua la kumwambia Mama na la kuacha.

Adelaïde


Luhonda, tarehe 2 Juni 2023

Mdogo wangu,

Salamu kwenu. Mimi ni mzima. Nyuki hawajambo.

Barabara imekatika katika sehemu mbili kwa sababu ya mvua. Mwanamke wa umri wa Mama hawezi kupanda pikipiki hapo. Mikaratusi itachanua karibuni. Ngojeni mavuno, nitatuma asali mpya, kisha tutazungumza juu ya safari.

Mama afungue mzigo wake. Nguo zilizofungwa muda mrefu hushika ukungu.

Marcellin


Kashebere, tarehe 9 Julai 2023

Kaka,

Hatujambo. Mama hakufungua mzigo. Aliuanika juani, akaufunga upya.

Barua yako ilikuwa fupi. Wewe uliyenifundisha kwamba barua isiyo na habari ni bahasha tu, hukuandika juu ya maharagwe, wala chokaa ya chumba, wala kaburi la Baba. Sebarenzi hajambo? Mara ya kwanza maishani mwangu nasoma barua yako isiyomlalamikia.

Nilimbana Byamungu: "Kaka yangu ulimkuta wapi?"

Akacheka, akawasha pikipiki. "Mama Adelaïde, mimi nabeba muzigo. Habari iko nzito, inavunja pikipiki."

Hilaire alicheka. Mimi sikuweza.

Adelaïde


Luhonda, tarehe 30 Agosti 2023

Mdogo wangu Adelaïde,

Nawasalimu nyote. Evode anakaribia mwaka, mpongezeni.

Hii ni chupa ya mavuno ya mwaka huu. Mavuno yalikuwa madogo. Kibandiko nimekiandika kama kawaida. Mama apate kijiko asubuhi na kijiko jioni, na safari tuiache mpaka mwaka ujao.

Kila kitu kipo mahali pake.

Marcellin


Kashebere, tarehe 24 Septemba 2023

Kaka Marcellin,

Nakusalimu. Mjukuu wangu ametimiza mwaka na amesimama peke yake. Hayo ni ya furaha, nimeyaweka mbele kwa sababu hapo chini hayapo mengine.

Chupa yako niliipokea kwa mikono miwili. Kibandiko ni mwandiko wako, ule ule wa ubaoni: "Mkaratusi. Mlima Luhonda. Haikupashwa moto." Niliisimamisha rafuni. Wiki ilipita, ikapita nyingine, na hapa usiku kulikuwa na baridi ya mvua. Haikuganda. Hilaire ndiye aliyeona kwanza. Akainua chupa, akaiinamisha, asali ikakimbia upande mmoja, nyeusi kama molasi.

"Ona, shemeji amesikia malalamiko yetu! Sasa anatengeneza ile haigandake."

Nilimwambia anyamaze, lakini Mama alikuwa ameshasikia. Unajua macho yake yamekwisha, masikio yake hayajapungua kitu. "Muniletee kijiko," akasema.

Alionja kidogo tu. Akaizungusha mdomoni muda mrefu, kama anavyofanya akitafuta jiwe katika maharagwe. Mimi nilisimama mlangoni, na nakuambia, kaka, nilikuwa naomba Mungu amnyime ulimi kwa dakika moja.

"Hii ni ya maavoka," akasema.

"Mama, kibandiko kinasema mkaratusi, si parachichi."

"Mimi sisomake kibandiko. Mimi naonja. Hii ni maavoka, iko na ladha ya muwa wenye kuungua. Maavoka iko wapi kule kwetu? Baridi ya Luhonda inayauaka yote. Baba yenu alipandaka tatu, zote zikakufa. Maavoka iko chini, kule Masisi mjini, kwenye ofisi na hospitali."

Hilaire alitaka kusema nyuki huruka mbali. Mama akamnyamazisha kwa mkono. "Nyuki wa Marcellin hawaendake kulala kwa watu. Ni ule mutoto wangu ndiye ameshuka. Muulizeni: analalaka wapi?"

Kisha akarudisha kijiko kwangu, hakula zaidi, akaniomba nimsogezee mzigo wake wa kitenge. Nilidhani anataka kuondoka saa ile ile. Aliufungua. Alitoa sufuria yake, akaiweka jikoni pamoja na zangu. Hakulia. Ningependa angelia.

Sasa nimeelewa kwa nini hupigi simu hata baada ya kushuka kwenye mtandao. Kwenye simu ningesikia watu wengi nyuma yako.

Kaka, unalala wapi?

Adelaïde


Masisi mjini, tarehe 15 Oktoba 2023

Mdogo wangu Adelaïde,

Juu ya barua hii nimeandika jina la mahali nilipo.

Niliondoka Luhonda mwezi wa tatu. Walikuja watu wenye bunduki, na wengine wenye bunduki wakaja kuwafukuza. Sikungoja kujua nani ni nani. Nilishuka na wenzangu wa mlimani. Kwanza nililala darasani, watu wa familia nne katika chumba ambacho mimi ningekataa kuweka wanafunzi ishirini. Sasa nipo uani kwa mjane mmoja, Mama Brigitte, mwenye moyo mwema na sauti kubwa. Ana mizinga miwili chini ya miti ya avoka. Chupa niliyowatumia ni yeye aliyenipa. Kibandiko nilikiandika mimi, na nilijua ninachoandika.

Sikuogopa kwamba Mama atakufa kwa habari. Watu hawafi kwa habari, nimeona. Niliogopa ataniambia, "Basi mimi nitaenda mwenyewe," nami nitakosa la kumjibu, kwa kuwa mama wa mtu ana haki ya kurudi kwake.

Hakuna pa kurudi. Mizinga waliivunja kwa ajili ya mbao, wakapikia. Mikaratusi imekatwa yote kwa makaa. Mkaratusi ukikatwa huchipua kwenye kisiki, hilo unalijua, lakini kabla chipukizi halijatoa ua la kutosha kujaza sega moja, miaka itapita ambayo Mama hana, na pengine mimi sina. Sebarenzi alipanda tena kutafuta ng'ombe wake. Hakushuka. Mwaka mzima nilikuwa nalalamikia ng'ombe wale. Kaburi la Baba sijui likoje. Nimemwuliza kila aliyepita huko, na kila mmoja anasema alipita usiku.

Siku ile nilitoka na koti, Biblia, na kopo dogo. Ndani ya kopo kuna asali ya mwisho ya mavuno ya mwaka jana, na chini yake nimefunga katika kitambaa donge la nta la mzinga wa kwanza, ule uliokuwa karibu na kaburi. Nilikuwa nimejiwekea. Nilikuwa nafungua kifuniko jioni nanusa, kisha nafunika. Huo si utu uzima.

Namkabidhi Byamungu kopo hilo. Imeganda kama inavyopaswa. Mpe Mama. Usiipashe moto.

Kama atasema maneno juu yangu, yaandike kama alivyoyasema. Usiyapambe.

Marcellin


Kashebere, tarehe 10 Desemba 2023

Kaka Marcellin,

Tunakusalimu sote, na safari hii Mama ametaka jina lake liwe la kwanza. Hajambo. Hilaire hajambo. Nicole na Evode hawajambo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu Mama alinikataza kuandika mpaka jambo fulani lijulikane.

Kopo lilifika. Nilimsomea barua yako yote, sikuruka mstari. Ulipomtaja Sebarenzi, aliinua mkono nisimame, akasema sala fupi kwa ajili yake, kisha akaniambia niendelee. Nilipofika kwenye kaburi la Baba niliishusha barua magotini. Alisema, "Soma tu. Baba yenu hana haraka. Alinisubiriaka miaka kumi na mbili, atanisubiri hata kama nitatokea njia ingine."

Halafu akasema maneno juu yako, nami nayaandika bila kuyapamba: "Mwambieni Marcellin yeye ni mupumbavu. Alibebaka mulima muzima peke yake, na mimi mama yake niko na mabega."

Asali ameila kwa kijiko, ngumu vile vile. Kijiko cha kwanza alifumba macho hata kama hayaoni. Kidogo alikipaka kwa kidole kwenye ulimi wa Evode, kwa kuwa ametimiza mwaka. Mtoto alikunja uso, kisha akashika kidole cha Mama kwa mikono miwili asikiachie. Kijiko cha mwisho hakukila. Alisema kisiliwe.

Nta aliiomba mkononi. Akaizungusha, akainusa, akamwita Hilaire. "Wewe ulipika asali yangu. Sasa utanitengenezea muzinga." Shemeji yako, mtu wa mitego, alipasua mbao, akagonga sanduku lililopinda upande mmoja. Mama aliipaka nta ndani yake mwenyewe, kona zote, kwa vidole, na ile asali ya kijiko cha mwisho akaipaka mlangoni. Hilaire alisema huku nyuki ni wa msitu, hawajui harufu ya mkaratusi. Mama akamjibu, "Nyuki anajua nyumba yenye ilikaliwa na nyuki. Haulizake ilikuwa ya nani."

Tuliliweka sanduku nyuma ya jikoni, juu ya kisiki. Walikuja nyuki wachache, wakachungulia, wakaenda. Nilidhani yamekwisha. Jumanne iliyopita, tukiwa tunamenya mihogo, tulisikia mvumo, na mlango wa mzinga ukawa mweusi. Wameingia. Hawajatoka. Hili ndilo jambo alilotaka lijulikane kabla sijaandika.

Kwa hiyo njoo. Mama hakuulizi kama unataka. Anasema hatarudi kwenye visiki, na wewe huwezi kuzeeka uani kwa mama wa watu. Chumba cha nyuma tumekifagia. Hatuna chokaa. Mshukuru Mama Brigitte kwa niaba yetu, na umrudishie chupa yake, tumeiosha. Lete koti na Biblia. Byamungu amekubali kukupakia, amesema huo mzigo anaujua tayari.

Hapa kuna maua ya muhogo, ya migomba, na ya miti ya msituni ambayo hata Hilaire hajui majina yake. Haitakuwa asali ya ua moja, kaka, na haitakuwa ya Luhonda. Utakapovuna utatafuta karatasi na kalamu, nakujua. Mama anasema ungoje. Ataonja yeye kwanza, ndipo wewe uandike.

Mdogo wako,
Adelaïde